Plagi ya Nne

Mjomba wangu ana mkono wa lori. Ule mkono wake wa kulia umekomaa kwa kukaza nati za magurudumu ya malori yanayopita Benaco kwenda Rusumo, na akikupa salamu unaondoka ukivihesabu vidole vyako. Tangu ujana wake anafanya kazi pale kando ya barabara kuu, mgongo chini, macho juu, oili ikimdondokea shavuni. Injini za dizeli anazijua kama bibi anavyozijua dua zake. Na injini ya dizeli, kwa asiyejua, haina plagi za kurusha cheche. Inaibana hewa mpaka mafuta yanawaka yenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa fundi mkubwa, akasifiwa na madereva wa nchi tatu, na bado plagi kwake ikawa kitu kama kijiko cha kulishia mtoto: kidogo, cha kuchekesha, hakihitaji kufikiriwa.

Gari la mama lina plagi nne.

Ni gari dogo la petroli lenye mgongo mrefu wa kubebea mizigo, jeupe kwa mujibu wa kadi yake, jekundu kwa mujibu wa vumbi la Ngara. Mama anauza kanga, vitenge na mashuka kwenye magulio. Miaka mingi alikuwa akisafiri juu ya mizigo ya watu wengine, amekalia robota zake mwenyewe, akishuka pale dereva anapotaka kushuka na kuondoka pale dereva anapotaka kuondoka. Baba alipofariki, akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alinunua gari, akajifunza kuliendesha asubuhi asubuhi kwenye uwanja wa mpira, mbele ya mbuzi waliofungwa kwenye goli. Tangu hapo leo yuko Kanazi, kesho kutwa Murukulazo, na mara moja moja anashuka mpaka Biharamulo, anakochukua mzigo na kusikia habari.

Bibi, mama yake mama, hakulipenda gari lile hata kidogo. Babu yake bibi alifika huku kutoka Pangani na mzigo wa nguo na chumvi, na mpaka leo mtaani tunaitwa Waswahili, ingawa bibi anakisema Kihangaza mpaka wenyewe wanamwomba apunguze mwendo. Yeye aliamini biashara ipo kwenye damu yetu, lakini usukani haupo. Na zaidi ya yote aliiogopa njia ya Biharamulo. Watu wa umri wake wanaikumbuka kwa namna nyingine: wanakumbuka magari yaliyosubiriana ili yavuke pori pamoja kwa hofu ya majambazi, na askari mbele. Siku hizi unapita ukila mahindi ya kuchoma, dirisha wazi. Lakini bibi alikuwa akisema, "Pori halizeeki," na hapo mazungumzo yanakwisha.

Ikatokea siku gari likazima mbele kidogo ya Lusahunga na mama akalala kwa watu wema. Bibi hakulala kabisa. Mama aliporudi, alimkuta mama yake kibarazani, amejifunga kanga mbili, macho mekundu. Bibi hakumgombeza. Alisema tu, "Likilala tena njiani au likafa hapa uani, linauzwa. Nimeshampa neno yule mtu wa Biharamulo." Yule mtu wa Biharamulo ni muuza vipuri vya magari makuukuu, na alikuwa amelitamani gari la mama kitambo. Mama aliyaangalia yale macho, akakubali. Sijui mtu mwingine angefanya nini.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa wiki ile nilipokuwa nyumbani, gari lilipopanda kilima likitoka Murukulazo na kuanza kumisi. Nilikuwa kiti cha mbele, robota ya vitenge mapajani. Likawa linavuta, linasita, linavuta, kama mtu mwenye kwikwi anayejaribu kuficha. Mama akakunja uso, akateremsha gia, akaliongelesha taratibu. Tukafika uani kwetu likiwa linaunguruma kwa mguu mmoja mfupi. Bibi alikuwa anachambua mchele. Alinyanyua kichwa, akasikiliza, akakirudisha kichwa kwenye ungo.

"Linakohoa," alisema.

"Lina vumbi tu, mama," mama akajibu.

"Hata marehemu shemeji yangu walisema ana vumbi tu."

Mjomba alikuja siku ya pili baada ya swala ya Ijumaa, kanzu imekunjwa kwenye mfuko, suruali ya kazi tayari mwilini. Alikuja na spana zake, plagi nne mpya, pampu ya baiskeli, na kipande cha bomba la chuma kirefu kama mkono wangu. Bomba lile ndilo siri ya mafundi wa malori. Unalichomeka kwenye mkia wa spana, spana inarefuka, na nati iliyokuwa inakataa inakumbuka adabu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Bado unaandika hadithi?"

"Bado."

"Basi andika hii. Haitachukua muda."

Mama alifungua boneti. Plagi za gari lile zimekaa chini kwenye mashimo marefu, kila moja na kisima chake. Mjomba alichungulia, akapiga mluzi. Visima vitatu vilikuwa na vumbi. Cha nne, kile kilicho upande wa kioo cha mbele, kilikuwa na tope la rangi ya matofali, limekauka na kupasuka kama kando ya lambo wakati wa kiangazi.

"Dada, maji yamefikaje humu?"

Mimi nilijua, na bibi alijua, na nadhani mtaa mzima ulijua. Kwetu kitu hakihesabiwi kuwa kisafi mpaka kimwagiwe maji. Bibi huosha ngazi, huosha mlango, huosha makaa kabla ya kuyawasha. Na mama, kila jioni ya kuamkia gulio, huosha gari lake juu, chini na ndani ya boneti, ndoo nzima juu ya injini, ili vitenge vifike sokoni kwenye gari lenye heshima.

"Naosha gari langu," alisema mwishowe. "Ni dhambi?"

"Unaosha injini?"

"Wewe ukitoka Benaco huogi?"

Mjomba akacheka, akachukua pampu ya baiskeli, akapuliza tope lile litoke kisimani kabla halijapata nafasi ya kuangukia ndani ya injini. Halafu akaingiza spana. Plagi ya kwanza ikatoka na mlio wa paka aliyekanyagwa. Ya pili na ya tatu zikalia vilevile, lakini zikatoka. Ya nne haikulia. Haikufanya chochote. Mjomba alisukuma mpaka mshipa wa shingo ukasimama, na gari lote likainama kidogo upande wake kama linalomsikiliza.

Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama. "Mjomba, nipe bomba."

Nilikuwa nimeshalishika. Mama akalichukua mkononi mwangu na kulikalia.

"Nani aliikaza hii plagi?" aliuliza.

"Mimi. Mwaka juzi."

"Kwa kutumia nini?"

Mjomba alitazama lile bomba, sehemu yake ndogo iliyokuwa inaonekana chini ya dera la mama.

"Barabara zenyewe unazijua," alisema. "Mtikisiko ule. Nilitaka isilegee."

"Haijalegea," mama akasema. "Nakushukuru."

Hapo ndipo walipoanza kugombania nani kaiua plagi, ndoo ya dada au mkono wa kaka, na ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa na haki ya kumlaumu mwenzake. Plagi ni ya chuma. Kile kichwa cha injini inamokaa, ambacho mafundi wanakiita hedi, kwenye gari kama la mama ni cha alumini. Maji na joto vikikutana katikati ya hivyo viwili, vinaota ukungu mweupe unaoviunganisha kama sementi. Na kama mtu mwenye mkono wa lori alikwishavibana mwanzoni, basi. Ukivuta kwa nguvu, kinachokubali si kile cha chuma. Zile hesi, ile mikato inayozunguka ndani ya tundu kama ngazi ya mnara, zinang'oka zote pamoja na plagi, na tundu linabaki laini kama chupa.

Mama alilisema kwa njia fupi zaidi.

"Wewe umezoea vyungu vya chuma. Hii ni sufuria. Ulishaona sufuria ikigombana na nyundo ikashinda?"

"Sasa tutafanyaje? Tuiombe?"

"Kama inasikia, tutaiomba."

Kutoka kibarazani, bibi akasema bila kunyanyua macho kwenye mchele wake, "Yule mtu wa Biharamulo ana gari la kukokota. Anasema hata likiwa halitembei analichukua."

Mjomba alijifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba alichokuwa anataka kukivunja hakikuwa plagi. Hedi ya gari lile haipatikani Ngara, na tundu likiharibika, gari litakaa uani mpaka lile la kukokota lije, na dada yake atarudi juu ya robota, nyuma ya lori, akishuka pale dereva anapotaka kushuka.

Aliipulizia plagi mafuta ya kulegeza kutu, kopo karibu lote, mpaka yakasimama kisimani kama chai. Tukaziba kisima kwa kitambaa, tukaenda kula. Jioni yakaongezwa mengine. Mjomba alilala kwetu, kwenye kochi, na nilimsikia akimwambia mama kwamba amewahi kufungua injini ya lori ndani ya mvua, gizani, kwa mikono miwili tu, na kwamba hiki kidude cha kijinga hakitamshinda. Mama akamwambia, "Lala, baba. Kinakusikia."

Asubuhi mama alivaa dera kuukuu, akajifunga kanga kiunoni, akaichukua spana yeye mwenyewe. Hakutaka mkia mrefu. Alichukua ule mfupi, ambao mjomba anauita wa shule ya vidudu. Mjomba alisimama nyuma, mikono kwapani, kama mtu aliyekatazwa kucheza.

Mama alivuta. Hakuna. Akavuta tena, kidogo zaidi. Hakuna. Uso wake ulikuwa umeanza kuloa. Alikuwa anajiandaa kuvuta kwa uzito wa mwili mzima, na mimi nilikuwa naangalia pembeni, ndipo sauti ya bibi ikatoka kibarazani, ya hasira hasira.

"Unavuta upande mmoja tu kwa nini?"

Sote tukageuka. Bibi ameweka ungo chini.

"Unafungua, mama," mjomba akaeleza. "Kufungua ni kushoto."

"Sikukuuliza wewe." Bibi alinyanyuka, akashuka ngazi zake mbili zilizooshwa, akaja mpaka kwenye boneti. Alinyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya mama. Juu ya kifundo kuna bangili za fedha ambazo amezivaa tangu harusi yake, na mkono umenenepa ukazimeza nusu. "Umenitoa hizi mara ngapi nikiwa na uvimbe?"

"Mara nyingi."

"Unazivuta?"

Mama akalegeza mkono kwenye spana.

"Unapaka sabuni," bibi akasema, kama mtu anayesoma. "Unaisukuma kwanza ndani, irudi ilikotoka. Halafu unaileta nje kidogo. Ikikataa, unairudisha. Haiji ukiwa na haraka nayo. Ukiivuta kwa nguvu mkono unavimba zaidi, na mwisho mnaita mtu wa msumeno."

Mama aliitazama plagi, akamtazama mama yake. Halafu akageuza spana na kuikaza plagi kidogo, upande wa kufunga. Mjomba alifumba macho. Pakasikika mlio mdogo mkavu, kama ukucha ukikatika.

"Imevunjika," mjomba akasema.

"Imeitika," bibi akasema.

Na kweli ilikuwa imeitika. Mama aliirudisha kushoto, ikaja unene wa kucha. Akaipeleka kulia, ikaenda. Mafuta zaidi. Kushoto, ikaja unene wa kucha na nusu. Chai ilichemka, ikanywewa, kikombe cha mama kikapoa juu ya betri. Kila ilipokaza, mama alitaka kuisukuma, na kila alipotaka kuisukuma bibi alisema "Irudishe," kwa sauti ileile aliyonifundishia alifu bee tee. Alikuwa ameegemea gari kwa kiganja. Sikuwahi kumwona akiligusa.

Sijui ni wakati gani alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyetaka gari lile lishindwe. Nilimwona akinyamaza mara moja, midomo ikiwa tayari kusema "Irudishe," akaifunga. Mama alisubiri, spana mkononi, hakumgeukia. Ndege mmoja wa kwenye migomba alipiga kelele zake zote. Halafu bibi akashusha pumzi.

"Irudishe, mwanangu. Usiiharakishe mwishoni."

Plagi ilitoka kama jino la mtoto, bila sauti. Ilikuwa na unga mweupe kwenye mikato yake yote, kama iliyochovywa kwenye chumvi. Mjomba akaipokea, akaigeuza juani, akatafuta alichokuwa anakiogopa: vipande vya alumini, vile vinavyong'aa. Hakuna. Akachukua tochi akachungulia tundu. Alikaa ameinama humo muda mrefu.

"Ngazi zote zipo," alisema kutoka ndani ya injini.

Ungetegemea mambo yaishie hapo. Lakini mjomba sasa alikuwa amefurahi, na mjomba akifurahi ni hatari. Alitoa mfukoni kikopo cha grisi ya rangi ya fedha aliyopewa na dereva mmoja pale Benaco, ile ya kuzuia vyuma visigandane, ambayo yeye huipaka kwenye bolti za bomba la moshi la malori. Akachota kwa kidole, akaipaka plagi mpya kama siagi kwenye mkate wa mtu anayesafiri.

"Hii sasa haitaganda mpaka kiama," alisema.

Mama akaichukua ile plagi, akaifuta kwa kitambaa, akaacha mstari mwembamba tu katikati ya mikato, kama wanja. Nchani, pale cheche inaporukia, hakuacha hata alama.

"Umeipangusa yote," mjomba akalalamika.

"Nimeiacha inayotosha. Ikizidi itaingia ndani, na gari litamisi tena, na utaniuliza maji yamefikaje."

Aliingiza plagi kwa vidole vyake, akizungusha polepole, mpaka ikakaa. Zote nne vivyo hivyo. Ikabaki kuzikaza, na mjomba akaomba walau hilo apewe, maana aliondoka Benaco akiwa fundi. Mama akampa spana. Akaipokea, na mkono wake wa kulia, wenyewe, ukaanza kulitafuta bomba.

"Unaona unavyofanya?" mama akasema. "Imepakwa mafuta sasa. Ukisukuma kidogo inakwenda mbali. Ukiikaza kama ilivyokuwa kavu utazing'oa ngazi ambazo mama yako ametoka kuziokoa."

"Nikiikaza kitoto itaruka Kanazi pale, ipige mtu."

"Kaza kwa mkono wa kushoto."

"Mkono wa kushoto una kazi zake, dada."

"Leo una hii."

Alikaza kwa kushoto, ameshika spana karibu na kichwa chake, ulimi umetoka nje kidogo kama mtu anayeandika jina lake kwa mara ya kwanza. Bibi alimsimamia. Kila plagi ilipofika mwisho na mkono kuanza kunogewa, bibi alisema, "Basi," na mjomba akaacha.

Mama akaingia, akawasha. Gari likashika mara moja, likatulia. Hakuna kwikwi. Lilikuwa linaunguruma kwa upole hata sauti ya kuku ikasikika juu yake. Mama aliacha mikono kwenye usukani na kutazama mbele, na nilijua hatageuka kwanza. Hakutaka mama yake aone furaha yake, isije ikaonekana kama ushindi.

Bibi ndiye aliyesema. "Na yule mtu wa Biharamulo?"

"Nitampigia simu, mama," mjomba akasema. "Nitamwambia halipo sokoni."

"Neno nilimpa mimi, kwa mdomo wangu. Halirudi kwa simu ya mtu mwingine." Alikuwa anaziteremsha bangili zake, ambazo hazishuki. "Tutakwenda wenyewe."

"Lini?" mama akauliza.

"Mchele umeshachambuliwa. Mnasubiri nini?"

Hivyo ndivyo bibi alivyoketi kiti cha mbele cha gari lile, katika vazi lake la Idi, mkoba mapajani, na mimi nikarudi nyuma pamoja na vitenge. Mjomba tulimshusha Benaco, akabaki amesimama kando ya barabara na bomba lake. Kwenye pori bibi alikuwa amekishika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono yote miwili, na macho yake yalikwenda kushoto na kulia kwenye miti. Mama alipunguza mwendo tu, akafungua dirisha, hewa ya miti ikaingia. Sehemu fulani huko kati, mkono mmoja wa bibi uliachia kishikio na kurudi kwenye mkoba. Baadaye na wa pili.

Yule muuza vipuri alilisikia gari kabla ya kuliona. Alitoka dukani akifuta mikono, na nikaona anavyolitazama, boneti kwanza, halafu milango, kama mtu anayekata nyama kwa macho.

"Shikamoo, bibi. Kumbe mmelileta wenyewe."

"Marahaba. Tumelileta likuone." Bibi hakushuka. Aliteremsha kioo chote. "Nimekuja kuchukua neno langu, mwanangu. Niwie radhi. Nililitoa nikiwa na usingizi."

Yule bwana alisikiliza injini ambayo mama hakuwa ameizima. Alikuwa mtu wa kazi hiyo na alijua anachokisikia. Akacheka kidogo, mkono kisogoni.

"Nani amelitengeneza, bibi? Yule fundi wa Benaco?"

"Alikuwepo," bibi akasema.

Mama alikuwa ameshashuka na kufungua nyuma, kwa sababu mke wa yule bwana alikuwa ametokea mlangoni na macho yake yalikuwa tayari kwenye vitenge. Wakaanza kuvikunjua juu ya boneti ya gari jingine, lile lisilo na injini. Bibi alibaki kitini, kioo wazi, akisikiliza bei zikipanda na kushuka. Baada ya muda akagonga mlango kwa bangili zake.

"Hicho cha kijani umempa kwa bei ya Ngara," alimwambia binti yake. "Hapa umekuja kwa mafuta yako."